Mstari Niliomwekea Dada Yangu Mdomoni

Harusi ilikuwa ya binti wa jirani, hapa mtaani Iftin, Garissa, alasiri, chini ya turubai la bluu lililofungwa kutoka ukuta wetu hadi ukuta wao. Mjukuu wangu alisimama katikati ya wanawake, ngoma ikaanza, akayatamka maneno ya dada yangu aliyekufa. Hakumtaja dada yangu.

Nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu, kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini kwenye mkeka.

Asiyetujua atashangaa jambo hilo lina uzito gani, basi nieleze. Sisi wanawake wa Kisomali tuna ushairi wetu, tunauita buraanbur. Hutungwa kichwani, huimbwa kwa makofi na ngoma. Kila shairi hufungwa kwa herufi moja: likianza kwa dali, yaani D, kila mstari lazima ubebe dali mpaka mwisho, na mstari usiobeba husikika kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Na kila shairi lina mwenyewe. Kabla hujafungua kinywa kusema shairi la mtu, unamtaja: hili alilisema fulani binti fulani, siku alipofikwa na jambo fulani. Asiyetaja ni mwizi, hata kama aliyeibiwa yuko kaburini. Na mbebaji, yaani mtu kama mimi aliyehifadhi bila kutunga, haongezi wala hapunguzi. Ukisahau, unasema hapa nimesahau, unaomba radhi, unaruka.

Mimi nimekuwa mbebaji tangu usichana. Watungaji wote niliowahifadhi nawajua kwa majina yao, ya baba zao na ya babu zao, na ukitaka nitakutajia pia majina ya ngamia waliowabebea maji. Wanawake wa mtaa huniita Daftari. Hapa siandiki hata jina moja. Wenyewe hawakuniruhusu, na baada ya niliyoyafanya sioni kama nina haki ya kuwashika kwa majina yao. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kwa kalamu, katika ngumbaru, nikiwa tayari nina wajukuu. Kisomali changu ni cha mdomo tu. Kwa hiyo shairi lenyewe siwezi kukupa. Likivuka kuja huku, dali zote zinaanguka njiani. Nitakueleza lilisema nini, hutalisikia.

Dada yangu alinizidi miaka minane hivi. Tulihama pamoja upande wa Buna, mimi msichana wa kuchunga mbuzi, yeye mke wa pili wa mtu mwenye ngamia wa kutosha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, wa miaka minne. Mwaka ule surua ilipita boma hadi boma. Mtoto akafa alfajiri. Tulimzika asubuhi, tukazungushia kaburi miiba kwa ajili ya fisi, na adhuhuri tukapakia mizigo tukaondoka, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha na wanyama hawangojei matanga. Mtoto yule alizoea kupanda dume mmoja mpole wa mizigo. Aliketishwa juu ya mikeka ya nyumba iliyokunjwa, akafungwa kwa kamba asianguke, na huko juu alikuwa akituimbia njia nzima. Siku ile ngamia alitembea upesi kuliko wenzake. Alikuwa amepunguziwa mzigo, masikini, hakujua kwa nini.

Siku ya tatu, tulipokuwa tukisimamisha nyumba mahali papya, dada yangu alianza kusema. Shairi lake linazungumza na yule ngamia. Linamuuliza kuhusu kamba iliyobaki mkononi bila kitu cha kufunga. Linamhesabia visima tulivyopita. Linamwambia asizoee kutembea hivyo. Nilikuwa nimeshika ufito wa nyumba, nikausahau mkononi, na kufikia jioni nilikuwa nalo lote kichwani.

Miaka miwili baadaye dada yangu mwenyewe alikufa akijifungua, na kilichokuwa tumboni kikaenda naye. Hana mtoto, hana mjukuu, hata kaburi lake leo sijui ni mchanga upi. Alichobakiza duniani ni lile shairi, nalo lilikuwa kwangu.

Sasa rudi kwenye turubai. Mjukuu wangu alikuwa amemwondoa ngamia. Mahali pa ngamia alimweka mama wa bibi harusi. Binti anaolewa, anatoka, nyumba inapungua mtu mmoja. Kamba ya kuanikia nguo inabaki na nafasi. Sufuria ya chai inakuwa kubwa mno. Na alipofika katikati, pale ambapo watu wote wanaolijua shairi la dada yangu husema kwa pamoja, "Ngamia, usishukuru wepesi huu," yeye alimgeukia mama mtu, akanyoosha kidole chenye hina, akasema:

"Mama, usishukuru wepesi huu."

Yule mama ana mdomo mkali. Wiki nzima alikuwa akituambia afadhali msichana huyu aende, nipumzike na kelele zake. Alijifunika uso kwa shali, mabega yakaanza kucheza. Wanawake walipiga vigelegele wakilia. Simu zote zilikuwa juu.

Na mimi nililia. Hasira ilikuja baadaye, nikiwa naondoka, naangalia miguu yangu ikiingia kwenye viatu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni akimimina anjera, chapati zetu za maji, kwenye kikaango, akizungusha kijiko kutoka katikati kwenda nje kama nilivyomfundisha.

"Maneno ya jana ni ya nani?"

"Yangu, ayeeyo." Ayeeyo kwetu ndiye bibi.

"Yako?"

"Nilitunga mimi. Muulize mama. Wiki mbili nilikuwa natembea uani nikijisemea, mpaka watoto wakasema nimepandwa na jini."

"Kamba ile ni ya nani? Wepesi ule ni wa nani?"

Akafunika kikaango, akajifuta mikono. "Kumbe umekasirika. Mimi nilidhani utafurahi. Lile la zamani nani analitaka kwenye harusi? Lina kaburi, lina fisi. Nimelifua tu, nikalivisha nguo."

"Maiti havishwi nguo ya harusi."

"Haya. Na ule mkeka wako ukutani, lile ua jekundu la katikati ulilitoa kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Na yeye?"

"Kwa mama yake."

"Mbona hujawahi kuutajia mkeka ukoo wake? Mgeni akija unasema, huu nimefuma mimi. Hata mate humezi."

"Mkeka haukufiwa na mtoto," nikamwambia.

Akatoa anjera, akamimina nyingine. Ana miaka ishirini na miwili, anasoma ualimu, na ulimi wake ameurithi kwa mtu ambaye si mimi.

Nikakaa kwenye kigoda. Ukweli nilikuwa nimeiona kazi yake, na hilo lilizidi kuniumiza. Alikuwa ameweka mistari tisa mipya na hakuna hata mmoja uliochechemea. Dali zote zilikuwa mahali pake. Ile sufuria ya chai haikuwa ya dada yangu wala ya mtu yeyote. Ilikuwa yake, ameichukua jikoni hapa hapa. Mimi maisha yangu yote sijawahi kufunga mistari tisa. Nilikuwa nimejifariji kwa jambo moja, kwamba mbebaji ni msafi. Mtungaji anaweza kujisifu, anaweza kusema uongo, anaweza kulilia kisichokuwepo. Mbebaji anashika kile alichopewa, anakifikisha. Na mwigaji, huyu anayekata cha mwenzake na kukishona upya, huyo tulimdharau tangu zamani. Tulikuwa na neno la kumwita, mtu anayekamua ngamia wa jirani gizani.

Lakini yule mama wa bibi harusi alilia nini? Maziwa ya wizi humwagika hivyo?

Mjukuu akaja akachuchumaa mbele yangu. "Basi sikiliza. Mwezi ujao kuna mkutano wa akina mama wa kaunti, nimeitwa kusema. Nitamtaja. Yeye, baba yake, babu yake, kama unavyotaka. Nitasema lake kwanza, neno kwa neno, halafu langu. Watu wapime wenyewe. Umeridhika?"

"Nitaridhika."

"Ila nisomee tena polepole nirekodi, nisije nikakosea. Hasa ule wa wepesi. Wallahi, ayeeyo, ule mmoja peke yake unatosha. Kwa sababu ya ule ndiyo nilichukua shairi zima. Kama ningetunga ule mmoja ningekaa chini, nisiseme tena maisha."

Nikamwambia anjera inaungua.

Mstari ule dada yangu hakuusema. Niliusema mimi.

Ilikuwa hivi. Ukame ulipomaliza ngamia wetu tulihamia mjini Garissa, na kwa miaka mingi sikusema mashairi. Nilikuwa nauza maziwa sokoni, nazaa, nalea, na mume wangu, Mungu amrehemu, hakupenda sauti ya mke wake ivuke ukuta. Shairi lisiposemwa halikai. Alipokufa na eda yangu ikaisha, wanawake wa mtaa walinifanyia kikao, wakasema Daftari, tufungulie. Walitaka la dada yangu. Mmoja alikuwa na redio ya kanda, akaiweka kwenye mkeka, akabonyeza.

Nilimtaja dada yangu kama inavyotakiwa, mpaka babu wa saba. Nikaanza. Nikafika katikati, na katikati palikuwa na pengo. Mwalimu wa ngumbaru alinisahihisha neno hilo mara tatu, maana niliandika bengo. Sisi Wasomali hatuna P, hutuponyoka. Lakini maana yake nilikuwa naijua zamani kabla hajanifundisha.

Nilijua kilichokuwa pale. Pale dada yangu alimwita mtoto wake kwa jina. Siyo jina la akika, hilo ninalo mpaka leo. Ni jina la mdomoni, la kumbembelezea, ambalo yeye peke yake alilitumia. Lilianza kwa dali. Shairi zima lilifungwa kwa dali kwa ajili ya jina hilo. Mistari yote mingine ilikuwa njia ya kufika pale. Na mimi, ninayekumbuka majina ya mbuzi wa watu waliokufa, nilisimama mbele ya wanawake nikitafuta jina la mpwa wangu, na halikuwepo.

Sheria ilikuwa wazi. Sema nimesahau. Lakini walikuwa wananitazama, makofi yalikuwa yamekwisha kushika mwendo, ile kanda ilikuwa inazunguka, na mdomo ukafunguka ukatoa mstari wenye dali. Ngamia, usishukuru wepesi huu.

Walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatoka kivulini. Na mimi nilifurahi. Ningependa kuandika kwamba niliona haya, lakini siku ile nilifurahi kama msichana. Kusahau nilimwachia Mungu. Ile furaha imenikaa kooni miaka yote hii.

Kanda ile ilinakiliwa, ikaenda Wajir, ikaenda Mandera, ikavuka mpaka, ikaingia kambi za wakimbizi. Kila aliyeniuliza baadaye nilimpa hivyo hivyo, jina la dada yangu juu na mstari wangu ndani. Watu waliupenda kuliko mingine yote. Wakimsifu dada yangu, walimsifu kwa huo.

Sasa angalia nilivyojifunga. Mjukuu wangu nilimwita mwizi kwa sababu alichukua bila kutaja. Mimi nilitaja, kisha chini ya jina nikaweka kitu bandia. Na kilichowaliza watu, kilichomfanya msichana huyu awe mtungaji, ni hicho bandia. Na kama ni kizuri, ni cha nani? Na kama ni changu, mbona kilipatikana kwa kumfuta mtoto?

Niliona njia moja tu. Nilitafute lile jina, mstari urudi mahali pake kabla ya mkutano, dada yangu asemwe walau mara moja kama alivyosema. Mtu mmoja tu aliyekuwepo siku ile alikuwa bado hai: mke mwenza wa dada yangu, yule mke wa kwanza. Baadaye aliolewa ng'ambo ya mpaka, vita vikamrudisha, na tangu hapo yuko kambi ya Dagahaley. Nikamwambia mjukuu nipe wiki mbili, kuna mstari nataka kuuhakikisha. Binti yangu akanipeleka.

Kwenye kizuizi askari kijana aliinama dirishani.

"Mama, kitambulisho." Nikampa. "Unaenda Dagahaley kufanya?"

"Natafuta neno."

"Neno?"

"Neno moja, imepotea."

"Limepotea, mama."

"Ndiyo. Imepotea kabisa."

Akamwita mwenzake. "Kuja usikie! Wengine wanatafuta ngamia, huyu shosho anatafuta neno." Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Pita, mama. Ukilipata lifunge vizuri lisitoroke tena."

Binti yangu aliona aibu. Mimi nilicheka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyocheka safari ile.

Mke mwenza alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake kwenye gunia la mgao lililopasuliwa likawa mkeka. Macho yamemwisha. Nilipotoa salamu aligeuza sikio.

"Hiyo ni sauti ya mchunga mbuzi."

"Ndiyo, abaayo." Abaayo kwetu ni dada.

"Bado unapoteza wawili kila jioni?"

"Niliwapata wale."

"Mmoja. Wa pili aliliwa. Mimi ndiye niliyepigiwa kelele kwa ajili yako."

Tulikaa hivyo, tukizika watu wetu mmoja mmoja, nani alikufa lini na wapi. Akaniuliza magoti yangu, nikamuuliza macho yake. Mjukuu wake akaleta chai. Kisha nikamwambia nimekuja kusikia shairi la dada yangu kutoka kinywani mwake. Hakuuliza kwa nini. Akanyoosha mgongo, akamtaja dada yangu bila kuruka hata babu mmoja, akasema siku yenyewe na mahali penyewe. Moyo wangu ulitulia. Nikajisemea, huyu ni wa zamani, huyu hajaharibika.

Akaanza. Kamba. Kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwa nalo lote, hata pumzi alivuta pale dada yangu alipovuta. Nikafumba macho kungojea.

"Ngamia, usishukuru wepesi huu," akasema, akaendelea.

Nilimshika mkono. "Rudi hapo. Mstari huo uliupata wapi?"

"Kwa mwenyewe. Nitaupata wapi pengine?"

"Hukusikia kwenye kanda? Ilikuja hapa kambini."

"Kanda nilisikia, kila mtu alisikia, ilikuwa sauti yako na pua yako. Lakini kanda itaniambia nini? Mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimekishika kichwa chake mapajani. Alisema hivyo na machozi yake yakaingia kwenye kanga yangu."

"Pale alimwita mtoto."

"Alimwita ngamia."

"Alimwita mtoto, abaayo, kwa jina la mdomoni. Lilianza kwa dali. Alimwitaje?"

Akafikiri, midomo ikichezacheza. Akanipa jina la akika.

"Hilo ninalo. Lile lingine."

"Hakukuwa na lingine."

"Ule mstari niliutunga mimi," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. "Nilisahau, nikauweka."

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi binti yangu ampigepige mgongoni. "Wewe? Wewe hujatunga hata tusi! Siku ile mke wa kaka yako alipokutukana kisimani ulikuja kwangu kuazima jibu. Wewe ni kibuyu, mwanamke. Tunatia, unashika. Na kibuyu kizuri, sikukatazi, hakivuji. Lakini siku gani kibuyu kilitoa maziwa yake chenyewe?"

"Niliutunga."

"Naapa kwa Mungu niliusikia kwake. Sasa umezeeka, unaiba vya marehemu mchana kweupe, na mimi kipofu unadhani sioni."

Hakuwa anatania tena. Alikuwa ameumia kwa ajili ya mke mwenzake, ambaye akiwa hai waligombana kila siku juu ya nani kakamua ngamia yupi. Nikaomba radhi. Kwa sheria yetu ilikuwa haki niombe.

Njiani kurudi binti yangu alikuwa akizungumza, nami sikusikia. Nilikuwa nikipima mambo mawili, na yote yalikuwa mabaya. Kama mimi ni mkweli, basi mstari wangu umerudi nyuma miaka yote ile, umeingia mpaka ndani ya boma lile, umemfukuza mtoto mapajani mwa mama yake, na shahidi wa mwisho sasa anaapa kwa uongo wangu akidhani ni ukweli. Na kama yeye ni mkweli, basi mstari ni wa dada yangu tangu mwanzo. Siku ile mdomo wangu haukutunga, ulikumbuka tu, na jina lile la dali nililolililia halikuwepo kamwe. Nililitengeneza mimi baadaye, ili niwe na dhambi, kwa sababu dhambi hiyo ilikuwa kitu pekee nilichowahi kutunga.

Nimejichunguza tangu siku hiyo. Nikijaribu kumsikia dada yangu pale katikati, nasikia vigelegele.

Nilimweleza mjukuu wangu yote. Aliweka simu chini, macho yakamtoka, kisha akanikumbatia. Hilo sikulitarajia.

"Ayeeyo! Kumbe wewe! Ule ni wako!"

"Sijui."

"Mimi nakuamini. Kipofu yule alisikia kanda, akachanganya. Basi nitasema hivi: shairi ni la dada wa ayeeyo yangu, mstari wa katikati ni wa ayeeyo mwenyewe, na la harusi ni langu. Watatu, kama kusuka. Si vizuri?"

Ilikuwa vizuri. Ilikuwa vizuri kama kitu cha kuchora kwenye kadi. Nikaona nafsi yangu inakinyooshea mkono, ile ile iliyofurahi siku ya kanda.

"Ukinitaja na haukuwa wangu, umemwibia maiti," nikamwambia. "Ukimtaja na haukuwa wake, umemwongopea."

"Sasa nimtaje nani?"

Mimi Daftari nilimjibu mtoto: "Simjui mwenyewe wake."

Akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniona mzee. "Na bila mwenyewe ni mbaya sana?" akauliza polepole. "Wale mama walilia. Walijua ni wa nani?"

Ningekuwa na miaka thelathini ningempa majibu kumi. Nimeketi na swali lake mpaka leo ninapoandika. Kama kitu kinaweza kumliza mama wa watu na hakina mwenyewe, na kimekaa juu ya kaburi la kingine, mimi sijui kukiita nini. Yeye anakiita sanaa. Anasema kila kitu kizuri kimekaa juu ya kaburi la kingine. Ni rahisi kusema hivyo kama hukuzungushia kaburi miiba kwa mikono yako.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mjukuu alitaka niseme mimi lile la zamani, ndipo yeye afuate na lake. Nilikataa, binti yangu akanisihi, nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimeamua jambo. Nitasema yale tu ninayoyajua kwa yakini. Nikifika pale nitanyamaza kwa urefu wa mstari mmoja. Sitasema nimesahau, maana sijui kama nilisahau. Nitaacha nafasi, na kama kuna mtoto aliyekuwa akikaa pale, akae.

Nilimtaja dada yangu mbele ya watu wote. Sauti ilinikubali. Kamba, kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu. Makofi yalikuwa laini, wanajua kumpigia mzee. Nikafika. Nikanyamaza.

Sidhani ilikuwa hata pumzi mbili. Nyuma kule msichana mmoja akasikitika kwa sauti, "Maskini, amesahau." Na mwingine, kwa moyo mzuri kabisa, akanitupia: "Ngamia, usishukuru wepesi huu!" Wakadaka waliokaa mbele, wakadaka waliokaa kando, ukumbi mzima ukausema kwa pamoja, wanawake mia wakimsaidia bibi kizee, na ngoma ikaingia juu yake. Walikuwa wananitabasamia. Mjukuu wangu aliinama sikioni.

"Usijali, ayeeyo. Wote wanaujua."

Walikuwa wakingoja niendelee. Nikaendelea na mstari unaofuata.